Warsha ya vijana ya uraia wa dunia: maswali ninayoulizwa kabla ya safari

Tangazo la warsha ya kimataifa likitoka tu, simu yangu haitulii. Wengi wanaonitafuta ni wanafunzi wa vyuo vya hapa Morogoro, wachache wako Dodoma na Mbeya, na yupo mmoja wa Bujumbura anayenitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja. Mifano mingi ni ya Seoul, Korea Kusini, kwa kuwa huko ndiko nilikokwenda na ndiko wengi wenu mnakoomba. Anayekwenda kwingine achukue kinachomfaa.

Dada, elimu ya uraia wa dunia ni kitu gani, kwa maneno ya kawaida?

Ni elimu ya kumfanya mtu aone jinsi mambo ya mtaani kwake yalivyoshikana na ya watu asiowajua, awajali watu hao, kisha afanye jambo. Mwongozo ambao UNESCO iliutoa mwaka 2015 unaigawa katika sehemu tatu ambazo mimi naziita kujua, kujali na kutenda. Lugha yao ni ndefu zaidi, lakini ukiikamua kinachobaki ni hicho.

Jina hili lilishika kasi Septemba 2012, wakati Ban Ki-moon, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipozindua mpango wa kuipa elimu kipaumbele. Alitaka mambo matatu: watoto wote waende shule, wajifunze kweli wakiwa huko, na wakue wakiwa raia wa dunia. Mwaka 2015 wazo hilo likaingia kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu, lengo la 4, kipengele 4.7. Novemba 2023 nchi wanachama wa UNESCO zikapitisha pendekezo jipya kuhusu elimu ya amani, haki za binadamu na maendeleo endelevu, likachukua nafasi ya lile la mwaka 1974. Tarehe hizo zinakutosha. Hakuna atakayekusahihishia kama NECTA, baraza la mitihani.

Na kabla hujaingia kwenye makabrasha, muulize mzee yeyote nyumbani akusomee ahadi ya kwanza ya mwanaTANU: "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Wengi wanaijua kwa moyo mpaka leo. Mimi niliisema Seoul kwa Kiswahili kwanza, kisha nikaitafsiri, na mtu wa Ufilipino akaniomba nimwandikie kwenye daftari lake.

Nikihudhuria, napewa uraia wa nchi nyingine?

Hapana. Na huu wako huupotezi. Mama mmoja alinipigia akiwa na hofu hiyo kwa sababu alisikia Tanzania haina uraia pacha. Neno "uraia" hapa halina karatasi yoyote ya serikali ndani yake.

Sasa huo uraia wa dunia uko wapi, wakati mimi nasotea visa na mwenzangu wa Ulaya anapanda ndege tu?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote ninayoulizwa, na huwa naulizwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni utovu wa adabu. Lipeleke warshani kama lilivyo.

Kwenye kikundi changu tulikuwa sita. Zoezi la kwanza lilikuwa kila mtu aeleze safari yake ilianzaje. Kijana wa Ujerumani alisema alipata tiketi, akafunga begi, akaenda uwanjani. Ikafika zamu yangu. Nikaeleza basi la alfajiri kwenda Dar, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau taarifa ya akaunti ya benki. Barua ya chuo. Barua ya baba kuthibitisha kwamba ananijua. Siku za kusubiri bila pasipoti mkononi. Yule Mjerumani hakuwa na habari kabisa kwamba mambo huwa hivyo. Sikutaka huruma na sikupewa. Ila mjadala wa siku ile uliacha kuzungumzia "dunia bila mipaka" na ukaanza kuzungumzia nani anasimama upande gani wa dirisha la ubalozi.

Usiishie kuwalaumu Wazungu, maana hata kwetu ngazi zipo. Tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Sisi Watanzania bado tunatoa hati ya kusafiria, na jumuiya ni ileile. Halafu kuna Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kupelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao, jambo kubwa ambalo nchi chache zimewahi kulifanya. Hesabu mwenyewe walingoja miaka mingapi. Na kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa humo miaka ya mwanzo leo ni mtu mzima. Anayetaka kujadili uraia wa dunia aanze na mtoto huyo, aseme ni raia wa wapi.

Ukiingia na swali la namna hii hutahitaji kukariri hotuba.

Nani huandaa warsha hizi?

Wapo wengi: mashirika ya Umoja wa Mataifa, vyuo vikuu, taasisi za vijana. Inayoulizwa zaidi ni ya Seoul. Inaandaliwa na Kituo cha Elimu ya Uelewano wa Kimataifa cha Asia na Pasifiki, kwa kifupi APCEIU, kilichoanzishwa mwaka 2000 kwa makubaliano ya UNESCO na serikali ya Korea. Jina lina Asia na Pasifiki lakini warsha yao ya uongozi kwa vijana, iliyoanza mwaka 2015, huita watu wa mabara mengine pia. Wana vilevile kozi za bure mtandaoni. Fanya moja kabla ya kuomba. Utajifunza msamiati wao, na kwenye fomu utakuwa na la kuandika.

Nitajuaje kama si utapeli?

Matapeli wanajua kiu yetu. Dalili ya kwanza ni pesa: ukiambiwa "umechaguliwa, tuma ada ya kushikilia nafasi" kwenye namba ya simu ya mtu, achana nao. Dalili ya pili ni kuchaguliwa bila kuomba. Ya tatu ni barua ya mwaliko iliyoandikwa "mpendwa mshiriki" bila jina lako, bila tarehe za warsha, bila anayegharamia nini.

Warsha halali nyingine hulipia kila kitu, nyingine hulipia malazi na chakula tu, na nyingine hazilipi chochote. Hiyo ya mwisho si utapeli, ni kwamba tu si ya mfuko wako. Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho, hasa pale penye tiketi ya ndege, bima na ada ya visa. Ukiwa na shaka na jambo lililotaja UNESCO, ipo Tume ya Taifa ya UNESCO Dar es Salaam, waulize. Kuuliza ni bure.

Umri wangu ni miaka 27. Bado ni kijana?

Inategemea nani anahesabu. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa kijana ni wa miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unakupeleka mpaka 35. Fuata tangazo, wala usipunguze umri, pasipoti itakuumbua.

Fomu inauliza "mradi wako", na mimi sina shirika wala mradi. Niache?

Usiache. Na usianzishe shirika wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Nimeona nembo za mashirika zenye mikono miwili imeshika dunia, nyingi kiasi cha kufungulia duka.

Mwaka wa kwanza mimi nilikataliwa. Niliandika kwamba nina shauku ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu na ulimwengu kwa ujumla, na kwamba vijana ni taifa la leo. Nikiisoma leo sioni mtu. Angeweza kuiandika yeyote, wa Lima au wa Manila.

Kaa chini ujiulize: ni jambo gani la hapa unalolifanya mara kwa mara, hata likiwa dogo, hata kama hakuna aliyekupiga picha? Kufundisha hesabu watoto wa jirani jioni ni jambo. Kusimamia klabu ya mazingira ya shule uliyosoma ni jambo. Kutafsiri karatasi za hospitali kwa bibi wa jirani ni jambo, na kubwa.

Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia, sitamtaja, alikuja na karatasi tupu. Tukazungumza saa nzima ndipo akasema, kwa kupuuza kabisa, kwamba Jumamosi yeye na wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha pili huhesabu ndoo kwenye foleni ya bomba la mtaani kwao. Walianza kwa kutaka kujua maji yanatoka wapi na kwa nini husumbua kabla ya mvua za vuli. Nikamwambia, kumbe unao! Tukaandika hivi:

*"Kila Jumamosi mimi na wanafunzi kumi na wanne tunahesabu ndoo kwenye bomba la mtaani. Tulianza kwa sababu watoto waliniuliza maji yanatoka wapi nami sikujua. Tukafuata jibu mpaka milima ya Uluguru, tukakuta kwamba mto Ruvu unaoanzia huko ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mtu wa Dar anafungua bomba bila kumjua mkulima anayelima kwenye mteremko ule, na mkulima hamjui mtu wa Dar. Bado hatujui nani amlipe nani ili msitu ubaki. Nataka kujua miji mingine imelijibuje swali hili."*

Hakuna neno "shauku" humo. Kuna ndoo, mto, watu wawili wasiojuana, na kukiri kwamba kuna kitu hajui. Alipofika Seoul akaambiwa kwamba mji ule nao hunywa maji ya mto Han, yanayochotwa upande wa juu wa mto, eneo la bwawa la Paldang, na kwamba wanaoishi kandokando ya bwawa wamewekewa masharti ili watu wa mjini wapate maji safi. Alikaa mezani na Wakorea wawili mpaka chakula kikapoa.

Kwa hiyo: jambo moja, la mahali pamoja, lenye idadi ndogo ya kweli. Kumi na wanne ni bora kuliko "maelfu ya vijana".

Na kama kwetu hakuna la kusimulia?

Sijawahi kuona mahali kama hapo. Mfano wa karibu: wanafunzi wa Mazimbu hapa Morogoro wanaotafuta mada. Jamani, mnalala juu yake! Ardhi ile serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, nao mwaka 1978 wakaanza hapo shule kwa ajili ya watoto wao waliokimbia ubaguzi, baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976. Ikapewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Walijenga mabweni, wakalima, wakafuga. Mwaka 1992 wakarudisha kila kitu kwa Watanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Makaburi yao bado yapo. Nchi iliyokuwa na njaa yake yenyewe ikagawa ardhi kwa shule ya watoto wa nchi nyingine. Mwanafunzi anapita hapo na daftari la uraia wa dunia mkononi akiniambia hana mfano.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nitaaibika?

Kidogo, siku ya kwanza. Siku ya pili utagundua kwamba wa Vietnam, wa Peru na wa Korea wenyewe nao wanaungaunga. Wanaopata shida zaidi ni wale wanaozungumza haraka, kwa sababu hakuna anayewafuata.

Fanya hivi: jambo lako uliandike kwa Kiswahili kwanza, lote, mpaka likunyooke. Kisha lisimulie kwa Kiingereza kwa dakika tatu mbele ya mtu ambaye hajui habari yenyewe, ukitumia sentensi fupi. Rekodi kwenye simu, usikilize, urudie. Dakika tatu, si kumi; warshani muda hauongezwi kwa sababu umetoka mbali. Jifunze pia kusema "sijaelewa, tafadhali rudia" bila kujikunyata.

Na Kiswahili chako usikifiche. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Seoul kipo Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Hankuk ambacho kinafundisha Kiswahili. Mimi nilisalimiwa "Hujambo, dada" na binti wa Kikorea kwenye lifti nikasahau nilikuwa nakwenda ghorofa ya ngapi.

Nisome nini kuhusu Korea?

Usome kwa nini imegawanyika. Vita vya 1950 hadi 1953 vilisimama kwa mkataba wa kusitisha mapigano wa tarehe 27 Julai 1953. Mkataba wa amani haujasainiwa mpaka leo, na katikati kuna ukanda wenye upana wa kilomita nne ambao raia hawakai isipokuwa vijiji vya kuhesabika. Wapo Wakorea wenye ndugu upande wa pili wasioweza hata kuwapigia simu. Ukiuliza habari za Kaskazini kwa mzaha utamuumiza mtu bila kujua.

Usome pia kwamba Korea ilikuwa nchi ya kupokea misaada, na mwaka 2010 ikaingia kwenye kundi la nchi wafadhili la OECD, umoja wa nchi zenye uchumi mkubwa. Watakueleza kwa fahari. Wasikilize, kisha uliza maswali yako magumu: nani alilipa gharama ya mbio zile za maendeleo, wafanyakazi waliishije, ardhi ilikuwaje. Wenyeji wangu walifurahia maswali hayo kuliko sifa.

Sina pasipoti. Nianze lini?

Jana. Usisubiri kuchaguliwa, kwa sababu kati ya barua ya kuchaguliwa na safari huwa kuna wiki chache tu. Tanzania fomu hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, na gharama ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Andaa namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa chako na cha mzazi au kiapo, na ushahidi wa safari. Hakikisha majina yanafanana kila mahali. Ukiwa Mwanahawa kwenye cheti cha kidato cha nne na Mwanahawaa kwenye NIDA, utakwama hapohapo, na kurekebisha herufi moja kunakula wiki.

Kenya mnajua eCitizen, Rwanda mnajua Irembo. Yangu hapo ni kuwaombea mtandao usikatike.

Visa ya Korea inasumbua?

Inataka utulivu. Mtanzania anaomba kwenye ubalozi wa Korea Dar es Salaam, visa ya muda mfupi. Watataka barua ya mwaliko, barua ya chuo inayosema wewe ni mwanafunzi na utarudi lini darasani, pasipoti yenye uhai wa kutosha, picha, na maelezo ya nani anagharamia. Orodha hubadilika, kwa hiyo chukua ya ubalozi yenyewe, si ya kaka aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Wala si yangu.

Swali linalojificha nyuma ya karatasi zote ni moja: utarudi? Jibu kwa vitu, si kwa viapo. Ratiba ya mitihani yako ni ushahidi mzuri kuliko barua ya kurasa mbili ya uzalendo.

Na uchomwe chanjo ya homa ya manjano mapema. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na sindano moja inatosha maisha yote. Ukipitia Addis Ababa kwa saa nyingi unaweza kuulizwa kadi hiyo wakati wa kurudi nyumbani.

Tarehe zinagongana na mtihani wa chuo.

Nenda kwa mkuu wa idara na barua kabla hujapanda ndege, ukapate jibu la maandishi. "Aliniambia sawa kwa mdomo" haitakusaidia matokeo yakitoka. Kama hawakuruhusu, pima mwenyewe. Mimi nisingebeba sapu, mtihani wa marudio, kwa ajili ya siku saba.

Baba hataki, anasema nitauzwa huko.

Usimcheke. Habari anazozisikia za vijana kupelekwa ng'ambo kwa ahadi za uongo ni za kweli. Mpe barua ya mwaliko aione, mpe jina la hoteli, namba za waandaaji, ratiba ya kila siku, na umpigie simu mwandaaji yeye akiwa amekaa hapo. Kama kuna mjomba au shangazi ambaye baba humsikiliza, mpitie huyo kwanza. Unajua mwenyewe nyumbani kwenu mlango uko wapi.

Kikao cha maandalizi mtandaoni kimeandikwa saa za Korea. Nihesabuje?

Hapa Mswahili ana bahati ya ajabu. Korea iko mbele yetu kwa saa sita, na sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, tofauti ya sita vilevile. Basi tarakimu inabaki ileile! Ukiandikiwa 4:00 mchana kwa saa za Seoul, kwetu ni saa nne asubuhi. Ukiandikiwa 9:00 asubuhi, kwetu ni saa tisa, lakini ya usiku, weka kengele. Soma namba, itamke kwa Kiswahili, basi. Inafanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Ndugu zangu wa Burundi, Rwanda na Congo ya mashariki mko saa moja nyuma yetu, mnapunguza moja.

Nunua bando la kutosha siku moja kabla, chaji simu, na uwe na mahali pa pili pa kukimbilia umeme ukikatika. Ukichelewa andika ujumbe mfupi wa kuomba radhi. Usieleze habari za TANESCO kwa aya tatu.

Nibebe nini?

Chaja: soketi zao ni za pini mbili za duara, zetu ni za pini tatu bapa. Adapta ya Kariakoo haizidi bei ya soda chache, na hakuna utakachokishukuru zaidi usiku wa kwanza. Nguo kwa msimu: baridi yao ya Januari hushuka chini ya sifuri, na kiangazi chao kina joto na mvua nyingi kama Dar ya Aprili. Kwa kutembea mjini pakua ramani ya Naver kabla ya kuondoka, maana ile ya Google uliyoizoea imekuwa ikiyumba huko kwenye kuelekeza njia.

Zawadi: kanga. Nyepesi, haivunjiki, na ina maneno. Utaulizwa yana maana gani, na hapo mazungumzo ya nusu saa yameanza. Soma maneno kabla ya kununua, tafadhali. Kuna mtu alimgawia mwenyeji wake kanga ya kumpiga kijembe mke mwenza. Maembe na nyama acha nyumbani, forodha watavichukua.

Chakula? Mimi ni Mwislamu.

Nguruwe ni wengi na hujificha kwenye supu, kwa hiyo andika kwenye fomu mapema, wala usione haya kuuliza mezani. Samaki, mayai, mboga na wali vipo tele. Wali wao unanata, utauzoea. Msikiti Mkuu wa Seoul uko Itaewon, umefunguliwa tangu mwaka 1976, na mitaa inayouzunguka ina chakula halali.

Adabu za meza hazitakushinda. Kupokea kitu kwa mikono miwili, kumngoja mkubwa aanze kula, kumwinamia aliyekuzidi umri: ni kama umetumwa kwa bibi. Watakuuliza umri mapema ili wajue wakuite vipi. Mtu aliyelelewa na shikamoo ataelewa.

Nikiulizwa maswali ya ajabu kuhusu Afrika?

Utaulizwa. Mimi niliulizwa kama simba hupita mjini. Nikajibu kwamba Mikumi ina simba na barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza hifadhi ile, kwa hiyo ukiwa ndani ya basi waweza kuwaona twiga na tembo, na simba ukiwa na bahati; ila mjini kwetu kinachotusumbua ni bodaboda. Alicheka, akauliza bodaboda ni nini.

Usikubali tu kugeuzwa msemaji wa bara zima. Ukiulizwa "Waafrika mnaonaje?", jibu kwamba wewe waweza kusema la Morogoro, na kwamba kwenye meza ileile kuna wa Ghana na wa Tunisia wenye midomo yao. Vivyo hivyo wewe usimuulize wa India aieleze India. Na usiku wa utamaduni, kama wewe ni Mluguru usivae shuka la Kimasai kwa sababu linapendeza kwenye picha. Cheza ngoma ya kwenu, hata ukikosea hatua.

Nikirudi nafanya nini?

Wiki ya kwanza lala. Wiki ya pili nenda kwa wale uliowaandika kwenye fomu. Yule wa ndoo alirudi bombani Jumamosi, akawaonyesha watoto picha ya bwawa la Paldang kwenye simu, na mmoja akauliza kama watoto wa kule nao hupanga foleni. Akawaandikia wale Wakorea wawili swali hilo palepale. Ripoti ya waandaaji iandike mapema ukiwa bado unakumbuka majina. Wakikupa fomu ya mpango wa utekelezaji, weka jambo moja utakaloweza kulifanya kwa nauli yako mwenyewe.

Na nikikosa?

Omba tena, kwa fomu mpya. Usibadilishe tarehe tu.

Unaweza kunisomea fomu yangu kabla sijaituma?

Naweza, ukiileta siku tano kabla ya tarehe ya mwisho na ikiwa kwa Kiswahili kwanza. Ikija saa tano usiku wa siku ya mwisho, nitakuwa nimelala.